Stima Ilimpata Nani

Rusinga
Aprili 6, 2025

Baba Truphena,

Usicheke mwandiko. Ninajua unacheka. Kalamu hii nimeizungushia kitambaa ili inenepe, na bado inanitoroka kila nikifika mwisho wa mstari. Lakini Dada Metrine wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alisema ukurasa mmoja, kwa mkono ulioumia, na mimi si mtu wa kushindwa na ukurasa.

Siku ile alipotufunga pamoja kama ng'ombe wa jembe, pale wodini Kisumu, niliona ni utani. Mjaluo wa kisiwani na Mkuria wa mpakani, tuandikiane nini? Lakini zamu yake ni wiki moja Homa Bay, upande wangu, na inayofuata Migori, upande wako, kwa hivyo barua atabeba mwenyewe, na simu amekataza. Ati simu haifanyishi mkono kazi. Basi tuandikiane kwa Kiswahili, maana Kijaluo chako kinaishia kwa kuomba maji.

Habari zangu ni fupi. Kile kioo cha kabati kilichonikata hapa ndani ya kifundo cha mkono kimeshabadilishwa, mimi ndiye bado. Kidole kidogo na jirani yake vimejikunja kama makucha ya kuku, na ukivichoma sindano havijui. Mkasi wangu mkubwa nimeutundika ukutani. Mourine, msichana wangu, ndiye anayekata nguo za wateja huku ninamwelekeza kwa mdomo, na ninamgombeza sana, maskini.

Huku nyumbani wamesikia kwamba baada ya kushonwa neva tuliwekwa waya. Sasa kijiji kizima kinasema Phelesia alipigwa na stima Kisumu. Jana mama mmoja alikuja kunipa pole akiwa na maziwa, kwa sababu hapa mtu akipigwa na stima anapewa maziwa. Nikayanywa. Kisha nikamweleza kwamba ilikuwa stima ndogo, umeme wa kuamsha neva, saa moja tu, mkono ukiwa na ganzi, na kwamba hata sijui kama niliipata. Huo ulikuwa utafiti: wengine walitiwa stima kweli, wengine wakawekewa waya mkavu, na hakuna kuambiwa mpaka karibu mwisho wa mwaka. Akaniuliza, "Sasa kama hukupigwa, maziwa umekunywa ya nini?"

Niambie wewe. Stima ilimpata nani, mimi ama wewe?

Phelesia, Mama Mourine


Ntimaru
Aprili 25, 2025

Mama Mourine,

Sikucheka. Nilisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuelewa.

Mwandiko wangu ndio huu, mbaya kuliko wako. Nimevaa kile kibao cha plastiki cha kushikilia kifundo. Nikikivua, kiganja kinaanguka na kuning'inia. Vidole vinafumba, kufumbua haviwezi. Lile bati lililong'olewa na upepo lilinikata huku juu, katikati ya bega na kiwiko. Daktari alisema neva inakua polepole kuanzia pale iliposhonwa, kwa hivyo yangu ina safari ndefu kabla haijafika kwa misuli ya kuinua kifundo. Stima, kama niliipata, ni ya kuiharakisha tu. Kukua lazima ikue yenyewe.

Nina shida moja, na ninakuambia kwa sababu hatujuani sana. Truphena anaolewa. Kijana anaitwa Austine, ni Mkisii, wazazi wake wanaishi Migori mjini. Wakwe wataleta ng'ombe Desemba, baada ya Krismasi. Siku hiyo mimi kama baba natakiwa kusimama mlangoni pa zizi, niwasalimu wageni mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, halafu nimshike ng'ombe wa kwanza. Mkwe hapewi mkono wa kushoto. Hata huko kwenu mnajua.

Juzi ndugu yangu mkubwa, Elkana, alikuja na wazee wawili. Akasema, "Hiyo mkono imekufa, na tena imepigwa stima. Nitasimama mahali pako. Wewe utakaa ndani kwa kiti." Alisema kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio ulioniuma. Truphena alikuwa anatuwekea chai. Alisikia, akaweka birika chini, akatoka.

Huyu mtoto mama yake alimwacha mdogo. Mimi ndiye nilikuwa nikimsuka nywele za kwenda shule, kwa mikono hii, na walimu wakicheka mistari iliyopinda. Sasa aende kwa watu huku baba yake amefichwa ndani kama mgonjwa?

Nilimwambia Elkana kwamba kufika Desemba mkono utakuwa umeinuka. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

Ryoba


Rusinga
Mei 18, 2025

Baba Truphena,

Yawa! Kwa kiti? Wewe uliyeambiwa na daktari usitoke kitandani ukaenda kununua ndizi nje ya geti ukiwa na gauni la hospitali limefunguka nyuma? Wodi nzima tulikuona. Mtu wa namna hiyo hawekwi kwa kiti.

Mwambie Elkana nimesema asubiri. Na wewe ukiamka kila asubuhi, vua kibao, uamrishe huo mkono uinuke. Usipoinuka, utukane. Mimi vidole vyangu ninavitukana mpaka Mourine anaziba masikio. Metrine amenipa zoezi la kubana karatasi katikati ya vidole. Yeye akivuta inatoka kama imepakwa mafuta, ananiambia, "Vizuri sana, Mama Mourine." Vizuri gani? Mtu mzima ananyang'anywa karatasi!

Nilimuuliza kama naweza kuongezwa stima kidogo. Akasema ile ilikuwa ya wakati ule tu, neva ikiwa imetoka kushonwa, na sasa kilichobaki ni mazoezi na kungoja. Kungoja! Mimi hata chai siingoji ipoe, ndiyo maana ulimi wangu umeungua miaka yote.

Lakini nitangoja. Nitangoja kwa hasira. Wewe pia.

Phelesia


Ntimaru
Juni 20, 2025

Mama Mourine,

Jionee mwenyewe. Mistari imenyooka, herufi zimesimama. Nimekutii. Kila asubuhi ninauamrisha mkono, na ninautukana kwa Kikuria, kwa maana matusi ya Kiswahili ni mepesi. Elkana alinikuta nikiandika hapa nje juzi, akanitazama, akaondoka bila kuaga.

Kama mkono wangu wenye safari ndefu umefika hapa, wako ambao umekatwa karibu na vidole utashindwaje? Shika karatasi yako uibane.

Truphena amenunua kitenge cha siku hiyo, cha kijani. Anataka ashonewe na wewe. Nilimwambia kuna fundi Rusinga ambaye hakati kitambaa cha mtu mpaka amgombeze kwanza. Alicheka. Ni siku nyingi hajacheka katika nyumba hii.

Ryoba


Rusinga
Julai 6, 2025

Ryoba,

Hongera. Basi jibu limepatikana, hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwaka. Stima ilikupata wewe. Mimi niliwekewa waya mkavu, nikalala nao saa nzima kama mjinga, na nikamwambia daktari asante.

Barua yako iliponifikia nilishusha mkasi ukutani nikajaribu kukata kola. Vidole havikushika. Mkasi ulichepuka ukapasua kitambaa cha yunifomu cha watu katikati. Nilikaa sakafuni nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Kisha nikachukua karatasi za mazoezi nikawashia jiko.

Usinitumie kitenge. Truphena atafute fundi mwenye vidole kumi.

Sina kinyongo nawe. Ah, naongopa. Ninacho.

Phelesia


Ntimaru
Julai 22, 2025

Mama Mourine,

Kitenge nimempa Metrine akuletee. Ukikirudisha nitakituma tena, na ukikirudisha tena nitakituma tena, mpaka huyo dada achoke na sisi wote wawili.

Uliniambia ningoje kwa hasira. Sasa hasira yako iko wapi? Umeimalizia kwa jiko? Mimi sikuandika vizuri ili wewe ulie. Niliandika ili uone kwamba inawezekana. Chukua karatasi nyingine. Ukikosa, bana hii barua yangu.

Harusi haijasogezwa. Na kitenge hicho hakitakatwa na mtu mwingine, hata ikibidi Truphena ajitande hivyo hivyo.

Ryoba


Rusinga
Agosti 10, 2025

Wewe mzee mwongo,

Kaa chini usome.

Mourine anaandika kwa mkono wa kushoto. Walimu walimchapa mpaka wakachoka, na bado ni wa kushoto. Daftari zake zote nazijua zilivyo: mkono unaifuata kalamu, unapita juu ya wino mbichi, unauburuta kwenda kulia. Jana nilikuwa ninaisoma barua yako tena, ili nikukasirikie vizuri, naye akachungulia begani kwangu akasema, "Mama, huyu mzee naye ni wa kushoto kama mimi."

Nikaenda nikatoa ile ya Juni. Wino umeburutwa kila mstari! Na ile ya Aprili, iliyokuwa mbaya mbaya, ni safi. Kumbe mwandiko mzuri ulikuwa wa mkono mzima! Nilipandwa na hasira nikapiga ngumi meza ya cherehani, na nilipiga kwa huu mbovu bila kufikiri.

Sasa sikiliza. Kidole kidogo kiliniuma. Kiliuma, Baba Truphena! Kilichomachoma mpaka kwenye ncha kama kimeingia kwa siafu. Nikapiga tena, kikauma tena. Nikaanza kucheka na kulia pamoja, Mourine akafikiri nimerukwa na akili, akaenda kuita jirani.

Kwa hivyo nimepata kidole kwa ajili ya uongo wako, lakini usifikiri nimekusamehe. Unajua ulichofanya? Kila mstari wako ulionyooka ulikuwa unaniambia kwamba wewe ulibahatika na mimi nikatupwa. Nilichoma mazoezi yangu kwa sababu ya mkono ambao hata haukuumia. Na Metrine alikuwa anajua wako haujainuka, akawa anabeba tu hizo barua na uso mkavu. Nimemgombeza. Akasema hazifungui, na habari za mgonjwa ni za mgonjwa mwenyewe. Ana haki, lakini nimemnunia.

Niandikie kwa kulia. Hata kama ni mistari miwili. Nataka kuona mwandiko mbaya.

Phelesia


Ntimaru
Agosti 27, 2025

Mama Mourine,

Huu ni wa kulia. Na kibao.

Nilidanganya. Niliona lazima mmoja wetu apone, ndipo mwingine aamini. Nisamehe kwa yale machozi ya sakafuni. Hayo ndiyo yananiuma.

Mkono hauinuki. Hata kidogo. Elkana aliponikuta nikiandika aliona ni kushoto, ndiyo maana aliondoka. Alinionea huruma. Amewaambia wakwe kwamba atakayesimama ni yeye. Sikumkataza.

Vidole vimechoka.

R.


Rusinga
Septemba 14, 2025

Baba Truphena,

Huo ndio mwandiko! Mbaya kabisa, nimeusoma kwa furaha. Nimekusamehe katika mstari wa pili, lakini sitaki Elkana ajue mimi husamehe haraka.

Sasa nikuulize kitu, na unijibu kama mtu mzima. Tangu Aprili tunasema mkono uinuke ndipo usimame. Nani alisema? Kwani mtu husimama kwa mkono? Miguu yako iliguswa na bati? Sauti yako je? Wakwe wanakuja kwa baba wa Truphena, na baba wa Truphena ni wewe, mkono ukiwa juu, mkono ukiwa chini, mkono ukiwa umebaki Kisumu.

Nenda kwa Elkana umwambie asante kwa huruma yake, airudishe nyumbani kwake. Kama kifundo hakijainuka, utasalimu nacho hivyo hivyo kilivyo. Watakaoona vibaya, waone vibaya. Kisha umwambie Truphena, maana najua hujamwambia. Nyinyi wanaume mnakaa na mambo mpaka yanaoza.

Mimi nimeanza kubana karatasi tena. Jana Metrine alivuta ikapasuka. Ilipasuka, haikutoka!

Kitenge kiko hapa mezani, bado sijakikata. Mourine aliomba akate yeye, nikamwambia akiguse aone.

Phelesia


Rusinga
Novemba 16, 2025

Baba Truphena,

Watu wa utafiti wamenipigia. Ni mimi. Stima ilinipata mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kushangilia. Nilikuwa nimekuwekea hata maneno ya kukutania. Yote yamenitoka. Nilimuuliza yule dada wa simu kama waliopata wametangulia wenzao, akasema inaonekana hivyo kidogo, lakini bado wanapima na kulinganisha, nisitangaze. Sikumuuliza habari zako. Ningemuuliza asingenijibu, lakini ukweli ni kwamba niliogopa.

Kitenge nimekikata. Mimi mwenyewe, mkasi mkubwa, kwa huu mkono. Vidole bado vizito na baridi inavichoma, lakini vinashika. Nilimaliza kukata kifua, nikasimama nikakitazama, nikaona kama nimekiiba kutoka kwako. Tulilala wodi jirani, tukala uji mmoja, tukawekewa waya mmoja. Kwa nini mimi?

Gauni litamfikia kabla ya Krismasi. Usinijibu kama huwezi.

Phelesia


Ntimaru
Novemba 30, 2025

Mama Mourine,

Nimeweza.

Na mimi wamenipigia. Waya mkavu. Kijana aliniambia polepole kama anayeleta habari ya msiba. Nikamuuliza, "Kama sisi sote tungetiwa stima, mngejuaje kwamba ni stima iliyosaidia, si mazoezi, si chakula, si maombi?" Akasema, "Mzee, hatungejua." Nikamuuliza, "Kwa hivyo mlihitaji mkono wangu?" Akasema, "Sana." Nikamwambia, "Basi mwambie mkubwa wako kwamba Ryoba wa Ntimaru si yule aliyekosa. Ni yule mliyepimia." Akacheka, akasema atamwambia kama nilivyosema.

Kwa hivyo pole yako nimeirudisha. Wewe mkono wako ulisaidiwa, na wa watu kama mimi ndio utakaoonyesha kama ni kweli ulisaidiwa. Mtu atakayekatwa na bati mwaka kesho kutwa, akifika pale hospitalini atiwe stima bila kubahatisha, mimi nitakuwa hapo pia, waya wangu mkavu na yote. Hujaiba chochote. Kata kitambaa, mama.

Tena usifikiri wangu umekufa. Wiki mbili hizi, nikiulaza kwa meza kiganja chini na kuuamrisha, kifundo kinanyanyuka. Kidogo, kimo cha punje ya mahindi, halafu kinachoka. Mara nyingine hakitaki kabisa. Metrine anasema njia yangu ilikuwa ndefu kuliko yako tangu mwanzo, kwa hivyo tulikosea hata kulinganisha. Sawa. Hakuna aliyeisukuma neva yangu, imekuja kwa miguu yake.

Elkana nimemwendea. Nilimwambia nitasimama mimi. Akaniuliza, "Na mkono?" Nikamwambia, "Na mkono pia utakuwepo." Amekasirika, anasema nitawatia aibu. Truphena nimemwambia yote, hata ile ya kuandika kwa kushoto. Alilia, kisha akaniuliza kwa nini sikumwomba yeye aniandikie, mwandiko wake ni mzuri. Hawa watoto.

Ryoba


Ntimaru
Desemba 30, 2025

Mama Mourine,

Nakuandikia jana ikiwa bado inanizunguka kichwani. Huu utakuwa zaidi ya ukurasa mmoja, Metrine anisamehe.

Gauni kwanza. Lilimkaa mtoto wangu kama aliyezaliwa nalo. Wanawake walimzunguka wakipapasa mishono, wakiuliza fundi ni nani. Truphena akawaambia, "Ni mama mmoja wa Rusinga aliyepigwa na stima." Sasa jina lako limefika mpakani hivyo.

Wakwe walifika adhuhuri, ng'ombe mbele, vumbi nyuma. Nilisimama mlangoni pa zizi. Kibao nilikuwa nimekiacha nyumbani, sikutaka kuwasalimu na plastiki. Elkana alisimama ubavuni mwangu, karibu sana, tayari kuniwahi. Baba wa kijana, Mzee Ombati, akaja mbele, mtu mrefu, kofia mkononi. Nikautoa mkono wa kulia.

Kifundo kikaanguka. Kwa wasiwasi, nadhani. Ile punje yangu ya mahindi ilipotea. Nikakiwahi kwa mkono wa kushoto, nikakishika kutoka chini, nikampa hivyo, mkono juu ya mkono.

Mama Mourine, ulishawahi kuona mzee akiinama kwa ajili yako mpaka ukaona kisogo chake? Ombati alibana kofia yake kwapani, akanishika kwa mikono miwili, akainama. Akageukia watu wake akasema kwa sauti, "Mmeona? Huyu ni mkwe. Amenisalimu kama mimi ni baba yake." Wote wakaja, mmoja mmoja, wananipa mikono miwili, wanainama, akina mama wanapiga magoti. Walifikiri ni heshima! Kwao na kwetu, na kwenu pia, nani hushika mkono wake hivyo kama hamheshimu mtu? Elkana alinong'ona sikioni, "Wacha hivyo hivyo. Imekaa vizuri. Nyamaza."

Na kweli ningenyamaza. Siku ingepita vizuri, ningekula nyama na jina zuri juu yake. Lakini nilimwona Truphena mlangoni, na gauni lako, akinitazama. Nikakumbuka ile mistari yangu iliyonyooka na wewe ukilia sakafuni. Nikasema hapana, mwandiko mzuri wa uongo niliandika mara mbili, inatosha.

Nikamwambia, "Mzee Ombati, heshima ninayo, lakini hii siyo. Hii ni ugonjwa. Neva ya huu mkono ilikatwa na bati, ikashonwa, na kifundo hakisimami, ndiyo maana nimekishika. Niliambiwa nikae ndani nisiwaonyeshe. Mimi ndiye baba yake, na huu ndio mkono wangu. Kama hauwafai, semeni sasa, ng'ombe bado wako nje."

Elkana alitazama miguu yake. Nilisikia mtu upande wa wakwe akisema "aii."

Mzee Ombati akavaa kofia yake vizuri. Akasema, "Basi nisalimie tena. Bila kuushika."

Nikautoa tena, ukaanguka tena, mbele ya watu wote. Yeye akapeleka mkono wake wa kushoto chini ya wangu ili auinue mwenyewe, kwa huruma nzuri kabisa, huruma ya mtu mwema. Nikamwambia, "Wacha."

"Niwache?"

"Wacha. Ngoja kidogo."

Akangoja. Wote wakangoja, hata Elkana. Ng'ombe wanalia, mtoto wa mtu anauliza kuna nini. Nikauamrisha kimoyomoyo, kisha nikautukana kwa Kikuria, na nadhani ilitoka kwa sauti, maana wazee wetu waliguna. Na ukainuka. Si sana. Ulitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, lakini ulipanda mpaka ukakutana na kiganja chake. Ombati akaushika, akasema, "Nimeusikia." Hakuinama safari hii. Tulitazamana sawa kwa sawa.

Halafu nikamshika ng'ombe wa kwanza. Wa pili alimshika Elkana, nilimwomba mimi, na alishika akiwa analia bila kujificha.

Natia sahihi sasa. Mpe Mourine barua hii aukague wino, aone kama umeburutwa.

Ryoba, Baba Truphena